MBEGU MOJA ISISHIKE MASHAMBA YOTE
(Maneno tuliyoyasema mkutanoni. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya ambao hawakuhudhuria.)



Leo hatusemi habari za ada wala magunia. Tumeona tuzungumze juu ya wenzetu wakulima na wavuvi wa Japani, maana yaliyowapata yanamfaa kila mwenye jembe au wavu.

Wajapani ni watu wa wali. Mpunga wanaoupenda sana unaitwa Koshihikari, mbegu iliyosajiliwa mwaka 1956. Ni mtamu, bei yake nzuri, na mkoa wa Niigata umepata jina kwa huo. Basi wengi wakapanda huo huo. Ndipo joto likaja.

Majira ya joto ya mwaka 2023 yalizidi yote yaliyopimwa kule tangu 1898. Mwaka 2024 yakawa sawa na hayo, na 2025 yakazidi tena. Sasa mpunga una siku zake za hatari, zile 20 hivi baada ya masuke kutoka. Wastani wa joto, usiku na mchana, ukipita nyuzi 26 au 27, punje hazijai vizuri. Zinakuwa nyeupe kama chokaa, na ukizipeleka mashineni zinatoka chenga. Mwaka 2023 kule Niigata, katika kila magunia 100 ya Koshihikari yaliyokaguliwa, hayakufika 5 yaliyopata daraja la kwanza. Jasho lile lile, bei pungufu.

Je, wote walipata hasara sawa? Hapana. Watafiti wa mkoa ule walikuwa wameanza mwaka 2008 kutafuta mbegu ya kustahimili joto. Wakapata iitwayo Shinnosuke, ikaingia sokoni 2017. Hii inachelewa kukomaa, kwa hiyo punje zake hujaa wakati jua limeshapunguza ukali. Mwaka ule mbaya wa 2023, sehemu kubwa yake ilipata daraja la kwanza. Angalieni hesabu, ndugu: miaka 9 ya kutafuta kabla ya kuuza.

Wenye Koshihikari nao hawakukaa bure. Wapo wanaochelewesha kupandikiza miche, na wapo wanaopitisha maji ya baridi shambani kuupoza mpunga. Lakini maji lazima yagawanywe kwa mapatano. Hapo mtu peke yake hawezi.

Twende baharini. Mji wa Hakodate, katika kisiwa cha Hokkaido, sifa yake ni ngisi. Bahari imepata joto, ngisi wamepungua sana. Anayejaa nyavuni siku hizi ni buri, samaki wa jamaa ya kolekole, ambaye zamani alivuliwa zaidi kusini. Mwaka 2020 Hokkaido ilivua buri zaidi ya tani 10,000. Mtasema, si neema hiyo? Ngojeni kwanza. Wenyeji hawakuzoea kumla, bei ikawa chini. Ikabidi wafundishane kumpika: wakamkaanga, wakamtia ndani ya mkate, wakauza. Kupata samaki ni kazi moja, kupata mlaji ni kazi nyingine.

Hatusemi tuchukue mbegu zao, kila ardhi ina yake. Tunasema hivi: mbegu moja, hata iwe tamu namna gani, isishike mashamba yote. Na mbegu ya kesho itafutwe leo, wakati hii ya sasa bado inazaa.

Mkutano ujao kila mmoja aje na jina la mbegu ya zamani aliyo nayo ghalani au anayoikumbuka. Tutaziandika zote.

Kazi kwetu.

Kamati ya Kilimo