Msamaha wa Kodi ya Majengo kwa Wenye Maduka

Katika England, iliyo sehemu kubwa ya Uingereza, iko kodi ya majengo ya biashara ambayo haiulizi kama mwenye duka amepata faida au hasara. Maafisa wa Serikali hukadiria jengo lingepangishwa kwa fedha ngapi kwa mwaka, kisha mwenye biashara hutozwa peni kadhaa kwa kila paundi ya makadirio hayo.

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mikahawa, baa, majumba ya sinema na maduka mengi yalifungwa kwa amri. Kumtoza kodi mtu aliyekatazwa kufungua mlango kungalikuwa kumfilisi. Basi Waziri wa Fedha, Bwana Rishi Sunak, alitangaza kuwa biashara hizo hazitalipa kodi hiyo kwa mwaka mzima tangu Aprili 2020. Maduka makubwa ya vyakula, ambayo hayakufungwa kamwe, yalisamehewa vilevile! Watu walinung'unika sana, na mwezi wa Desemba kampuni ya Tesco ikatangaza kurudisha paundi milioni 585. Tangu Aprili 2022 msamaha haukuweza kuzidi paundi 110,000 kwa mwaka kwa biashara moja, hata iwe na maduka mia.

Lakini msamaha huu ulikuwa wa muda tu, nao ulibadilika mara kwa mara. Tutazame mkahawa uliokadiriwa paundi 20,000. Kwa kiwango cha peni 49.9, kodi yake ni paundi 9,980. Mwaka ulioanza Aprili 2024 ulisamehewa sehemu 75 katika mia, ukalipa paundi 2,495. Mwaka uliofuata msamaha ulishuka hata sehemu 40, ukadaiwa paundi 5,988. Mwenyewe hakuongeza hata kiti kimoja, wala wateja hawakuzidi, na deni limepita maradufu. Aliyekwisha kuutumia msamaha kama kipato chake alipata taabu kubwa.

Sheria ya mwaka 2025 iliruhusu kiwango cha chini cha kudumu kwa biashara za namna hii, kianze Aprili 2026. Ila siku ile ile makadirio mapya ya majengo yalianza kutumika, na jengo lililopandishwa makadirio laweza kudaiwa zaidi ijapokuwa kiwango kimeshuka. Mwenye kuona amekadiriwa kupita kiasi ana ruhusa ya kupinga.