Ufa Usiotakiwa Kuzibwa: Tutunze Valvu za Volkswagen

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vyenye gari la kikundi)



Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunataka tuzungumze juu ya ufa mmoja ambao ukizibika, ndipo hasara inapoanza. Ni ule mwanya mdogo ulio kati ya roka na valvu katika injini ya Volkswagen Beetle, ile gari ya mgongo wa kobe.

Gari hili tunalijua. Lilishinda Safari Rally mwaka 1962, na mpaka leo yako mengine yanayobeba mayai, mbolea na wagonjwa. Lakini la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kwa hivyo injini tuliyo nayo tuitunze.

Kwanza tuelewe sababu. Injini hii haina maji. Inapozwa na hewa na oili. Valvu ya kutoa moshi hupata moto mkali sana, na hupoa kila inapofunga na kukaa barabara kwenye kiti chake. Mwanya ukiisha, valvu haifungi vizuri. Moto unapenya pembeni, valvu inaungua, na siku nyingine kichwa chake hukatika na kutoboa pistoni. Hapo ni injini nzima, na hazina ya kikundi imekwisha.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwanya ukiwa mkubwa, injini hupiga kelele, ta-ta-ta, na nguvu hupungua kidogo. Mwanya ukiwa mdogo, injini hunyamaza kabisa. Watu wengi humwambia fundi, "Kaza hiyo kelele iishe." Jamani, kelele kidogo haiui injini. Kimya ndicho kinachoua.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Fanyeni asubuhi kabla ya kuwasha gari. Injini iwe baridi kabisa, kwa sababu ikiwa na moto kipimo hubadilika. Gari liwe mahali tambarare, gia iwe huru, na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

2. Toeni plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Fungueni kifuniko cha distribyuta. Kwa spana ya 21 kwenye nati ya pulei ya jenereta, zungusheni kufuata saa mpaka rota ielekee kile kikato kidogo kwenye ukingo wa distribyuta. Alama ya pulei kubwa ya chini iwe sawa na mstari unaounganisha nusu mbili za injini. Hapo silinda namba 1 iko tayari. Pigeni chaki upande wa pili wa pulei hiyo.

3. Silinda 1 na 2 ziko upande wa kulia wa gari, 3 na 4 upande wa kushoto. 1 na 3 ndizo zinazoelekea mbele ya gari. Futeni matope, wekeni karai chini, kisha shusheni waya unaoshika kifuniko cha valvu.

4. Ingizeni fila geji ya 0.15 mm kati ya skrubu ya roka na mkia wa valvu. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikikataa au ikilegea, fungueni nati kwa spana ya 13 na mrekebishe skrubu kwa bisibisi. Shikeni skrubu isisogee, kazeni nati, halafu pimeni tena. Injini nyingine za zamani hutaka 0.10 mm, angalieni karatasi iliyobandikwa kwenye injini kama bado ipo.

5. Rudisheni pulei kubwa nyuma nusu mzunguko, kinyume cha saa, mpaka kwenye chaki. Hiyo ni silinda 2. Nusu nyingine ni 3, na nyingine ni 4.

6. Wekeni gasketi mpya, rudisheni kila kitu, washeni gari na mtazame kama oili inavuja.

Fanyeni hivyo kila kilomita 5,000, pamoja na kubadilisha oili.

Mwisho, wekeni daftari. Andikeni tarehe, kilomita, na mwanya mliokuta katika kila valvu kabla ya kuigusa. Chungeni sana silinda 3, kwa maana katika injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake. Valvu moja ikizidi kubana kila mara mnapopima, inavutika na iko karibu kukatika. Msiiongezee mwanya na kuendelea na safari. Fungueni injini mapema, mbadilishe valvu hiyo moja.

Na kazi hii isiachiwe dereva peke yake. Wajifunze watu watatu, na mmoja awe mweka hazina, ajue kwa nini pesa ya gasketi haicheleweshwi.