Maji ya Bati na Kiambaza cha Jirani

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, wilayani Kondoa, kabla ya msimu wa mvua)

 

Nimeombwa nizungumzie matatizo ya bustani za nyumbani. Niseme mapema kwamba mimi si bwana shamba. Taaluma yangu ni habari, na Afisa Ugani wetu ameketi hapa ili anisahihishe nitakapokosea. Maswali mliyoyaleta ofisini yalikuwa mengi: mchicha uliodumaa, mipapai iliyooza mizizi, maua yaliyosombwa yangali machanga, ufa katika msingi wa jiko. Nilipoyasoma kwa pamoja niliona kwamba mengi yanaelekea kwenye chanzo kimoja, nacho ni maji ya mvua tunayoyaacha yakatize uani yapendavyo.

Chukueni nyumba yenye bati lililofunika mita 50 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu huweza kunyesha alasiri moja, huangusha juu ya bati hilo lita 1,000. Hayo ni madumu 50 ya lita 20, yanayomwagwa juu ya ua uliofagiliwa kila alfajiri hadi ukawa mgumu kama sakafu. Ardhi hiyo haiwezi kuyanywa. Maji huchukua udongo wa juu, wenye rutuba, yakashuka nao.

Yanashuka kwa nani? Hapo ndipo penye aibu yangu. Msimu uliopita, mzee anayeishi chini ya kiwanja changu alikuja asubuhi, akakataa kiti, akasema, "Mwanangu, njoo uone." Nilikuta maji ya bati langu yamechimba mfereji hadi kwenye kiambaza cha jiko lake, na matuta mawili ya mchicha ya mkewe yamefukiwa na mchanga. Hakunishtaki kwa mwenyekiti, ingawa alikuwa na haki. Aliniuliza tu kama nimesahau makorongo.

Hapa Kondoa hakuna asiyeyajua. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibiwa zaidi na mmomonyoko. Wazee wanaokumbuka kuhamisha ng'ombe wanaijua gharama yake. Majani yalirudi kwa kuwa ardhi iliachwa ijifunike. Nasi leo tunaivua ardhi nguo kila asubuhi, uani, kwa ufagio.

Najua ufagio una sababu zake. Ua mweupe humfichua nyoka na nge, na hakuna mkamwana apendaye kuitwa mvivu na mama mkwe. Basi tufagie mlangoni na mahali wanapochezea watoto; penye mteremko tuyaache majani, tuyafyeke yabaki mafupi.

Kisha tuyakinge maji. Kifaa chake ni fremu A, wala hakinunuliwi. Fungeni miti miwili ya mita mbili mbili ikutane juu, mkaze mti mfupi katikati, mning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Isimamisheni, mtie alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuzeni, mguu wa kushoto ukanyage palipokuwa na wa kulia, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Itembezeni mkikata mteremko, mkichomeka kijiti kila mguu unapotua kamba ikiwa kwenye usawa. Mstari wa vijiti ndio mahali pa kuchimba kingamaji, mbali na msingi wa nyumba. Udongo utupwe upande wa chini uwe tuta, na juu yake upandwe mchaichai ulioshikana. Mpapai nao ukae kwenye tuta, si ndani ya mfereji, kwani maji yaliyotuama huozesha mizizi yake.

Matuta ya mboga yafunikwe kwa matandazo ya majani makavu. Mchwa wetu mnawajua. Acheni nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina, mkague mara kwa mara. Maji ya kufulia wapeni migomba, msimwagie mboga.

Kingamaji langu lilinichukua Jumamosi mbili. Mzee yule alinisaidia kupima, baada ya kuifungua fremu niliyoifunga vibaya na kuifunga upya. Hata hivyo mvua kubwa ya kwanza ilipasua tuta mahali pamoja, kwa sababu sikuacha njia ya maji ya ziada. Tuliichimba pamoja, yeye akichagua ielekee wapi.

Fremu mbili zimewekwa ofisini kwa Mtendaji wa Kata, na Jumamosi hii Afisa Ugani ataanza kupima viwanja vya mteremko. Jiandikisheni kwa wenyeviti wa vitongoji. Tunaomba mwenye kiwanja cha juu aje pamoja na mwenye kiwanja cha chini, maana njia ya maji ya ziada haitachimbwa kabla hawajakubaliana wote wawili.