Zimamoto na Wakaaji wa Ng'ambo ya Kisiwa
(Hotuba kwa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Zamani kazi ya kuzima moto katika mji wa London ilikuwa mikononi mwa makampuni ya bima. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, makampuni hayo yaliweka wazima moto wao, yakabandika alama zao juu ya kuta za nyumba zilizolipiwa bima. Mwaka 1833 makampuni 10 yaliunganisha vikosi vyao chini ya Bwana James Braidwood. Mwaka 1861 bwana huyo aliangukiwa na ukuta akafa kazini, katika moto wa mtaa wa Tooley. Hasara ya moto ule iliyashinda makampuni, na mwaka 1866 kazi hiyo ikawa ya umma.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya zimamoto, kwa faida ya mwenye bima na asiye nayo. Lakini mji wetu umekatwa na bahari. Gari litokalo kisiwani hufika Changamwe kwa njia ya Makupa, na Kisauni kwa daraja la Nyali; bali kwenda Likoni huvuka kwa feri, au huzunguka mbali kwa Dongo Kundu. Makuti hayangoji feri.

Basi dakika za kwanza ni za jirani. Acheni njia ya gari baina ya nyumba. Wekeni maji na mchanga tayari. Moto wa mafuta ya taa ufukieni kwa mchanga, msiumwagie maji. Mmoja apige simu, mwingine asimame barabarani kuwaongoza askari wa zimamoto. Watolewe watu kwanza: mali hupatikana tena, roho hairudi.