Je, Mtoto Aliyechanjwa Tetekuwanga Anaweza Kuambukiza Wengine?

Hotuba kwa wazazi na walezi wa Kawangware, Kangemi, Westlands na katikati ya jiji



Mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga ana haki ya kuuliza: mwanangu akichanjwa, ataniletea ugonjwa nyumbani?

Jibu ni hili. Chanjo ya tetekuwanga ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Vinaweza kumhamia mtu mwingine, lakini ni nadra mno. Marekani imetumia chanjo hii tangu 1995, mamilioni kwa mamilioni ya dozi, na visa vilivyothibitishwa vya aliyechanjwa kumwambukiza mwenzake ni karibu dazeni moja tu. Walioambukiza walikuwa wametoka vipele baada ya chanjo.

Kwa hiyo, angalieni ngozi ya mtoto kwa mwezi mmoja. Asipotoka vipele, abebwe na kucheza kama kawaida. Akitoka, vifunikwe kwa nguo, na akae mbali na mjamzito asiyewahi kuugua, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu hadi vipone. Mjamzito mwenyewe hapewi chanjo hii, husubiri ajifungue.

Sasa linganisheni na tetekuwanga yenyewe. Mgonjwa mmoja nyumbani anaweza kuambukiza hadi watu 9 kati ya 10 wasio na kinga. Huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana, akiwa bado darasani au ndani ya matatu ya kwenda mjini. Kumnyima mtoto chanjo kwa kumhofia mama ni kumwachia mama hatari kubwa zaidi.

Nairobi ina funzo lake. Machi 2018, kirusi cha polio kilichotokana na chanjo ya matone kilipatikana katika maji taka ya Kamukunji. Kirusi cha aina hiyo hupata nguvu kikizunguka kwa muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Dawa yake ilikuwa kampeni ya kuchanja watoto.

Chanjo ya polio ni ya bure katika vituo vya umma. Ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya taifa. Hupatikana kwa malipo katika baadhi ya hospitali za kibinafsi. Ulizeni bei mapema, mbebe kijitabu cha mama na mtoto, na mumweleze mhudumu kama nyumbani kuna mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu.