Makapi ya Madini: Mali Hupita, Sumu Hubaki

(Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Pengine mtu atauliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na takataka za migodi? Jibu ni hili: hatuchimbi, lakini tunabeba. Reli ya Uganda ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Shaba hiyo ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikaja kwa gari la moshi mpaka Mombasa. Wazee wetu wa kazi waliivuta. Mali ilipita, makapi yakabaki.

Makapi ni nini? Jiwe likitoka mgodini lina shaba kidogo tu. Katika tani 100 za mawe, kupata tani 2 za shaba ni bahati. Jiwe husagwa kama unga, likatiwa maji na dawa, shaba ikaelea na povu na kukusanywa. Kinachobaki, yaani karibu mzigo wote, ni tope. Tope hilo hupelekwa kwa mabomba mpaka bwawani, likazuiwa na tuta.

Ninyi mnaotengeneza njia mwajua tabia ya tuta. Tuta lenye mifereji mizuri hukaa miaka mingi. Tuta lililoshiba maji huteleza hata kama hakuna gari juu yake. Lakini tuta la reli hujengwa mara moja likaisha. Tuta la makapi huongezwa kimo mwaka hata mwaka, pengine kwa makapi yale yale, kwa kuwa mgodi hausimami. Kila likipanda, mzigo nyuma yake unazidi.

Hatari ya kwanza ni ya ghafula. Huko Mufulira, Zambia, bwawa la makapi lilikuwa juu ya mahali watu walipokuwa wakichimba. Ardhi iliyo kati ilititia, na usiku wa tarehe 25 Septemba 1970 tope likamwagika ndani ya mgodi juu ya watu wa zamu. Wafanya kazi 89 walikufa. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale ndugu hawakupata nafasi ya kujenga tena.

Hatari ya pili haina kishindo. Katika makapi ya Kilembe mna mawe ya chuma na salfa. Yakipata hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha shaba na kobalti iliyobaki, ikaichukua mpaka mtoni. Pale Kasese palirundikwa karibu tani milioni moja za mawe ya namna hiyo. Maji yake yalitelemka katika mbuga ya wanyama kuelekea ziwa George, na majani yakafa njiani. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini sumu haikusimama. Mwezi wa Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukayala makapi yaliyo kando yake na kuyapeleka kwa watu wa chini.

Wala msidhani hayo ni ya zamani tu. Tarehe 18 Februari 2025 tuta lilibomoka Chambishi, Zambia. Maji ya tindikali yakaingia mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya mfereji. Mama aliyefungua mfereji siku ile hakuwa mchimbaji wala mwenye hisa.

Hatusemi migodi ifungwe. Ziko nyaya za simu na za stima zilizo za shaba, na mchimbaji ana watoto wa kulisha kama sisi. Twasema gharama ya kulinda makapi ni sehemu ya gharama ya kazi, kama ulivyo mshahara. Asiyeweza kuilipa hajawa tayari kuchimba.

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1995, wampa mfanya kazi wa mgodini haki ya kuelezwa hatari, kutaka ukaguzi, kuchagua wajumbe wa usalama, na kuondoka mahali penye hatari. Haki hizo hazitembei peke yake. Chama ndicho miguu yake.

Kwa hivyo, ndugu, mgodi ukifunguliwa po pote, tuulize mambo matatu kabla ya behewa la kwanza kupakiwa. Nani anakaa chini ya tuta? Nani alikagua, na taarifa yake i wapi tuisome? Na fedha za kulilinda baada ya mgodi kufungwa zimewekwa wapi? Huko Kwale uchimbaji wa mchanga wa titani ulisimama Desemba 2024. Makapi yake si ya shaba, lakini swali la tatu ni lile lile.

Mwenye mgodi aweza kupanda meli akaenda zake. Mto hauwezi, wala sisi hatuwezi.