Baiskeli Imfae Mwendeshaji



Jina boda boda, linalotumika leo kote nchini, lilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, kwa waendeshaji waliowavusha abiria kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli bado inabeba maziwa, samaki, mitungi ya maji na watoto wa shule. Anayeitegemea kwa riziki akiumia goti, nyumba nzima inaumia.

Wengi hudhani maumivu hayo ni ada ya baiskeli. Mara nyingi chanzo ni kiti. Kikiwa chini mno, goti hujikunja sana kila pedali inapozunguka, na mbele ya goti huuma. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku, na maumivu huhamia nyuma ya goti na kiunoni.

Kipimo hakihitaji mashine. Mwendeshaji aegemee ukuta, akae kitini na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akikanyaga kwa sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo mahali pa kiti. Alegeze nati kwa spana, apandishe au ashushe kidogo kidogo, kisha akaze. Mabomba mengi ya kiti yana alama ya mwisho. Yasivutwe kupita hapo, kwani yanaweza kuvunjika.

Wapo wanaoshusha kiti ili miguu ifike chini wanaposimama. Njia bora ni kufunga breki, kutoka kitini na kusimama mbele yake, hasa karia ikiwa na mzigo.

Kiti kiwe sawa, kisiinamie mbele. Kikiinama, uzito huishia mikononi na viganja hufa ganzi. Usukani nao uwe karibu kiasi cha viwiko kukunjika kidogo.

Jambo moja spana haiwezi kulirekebisha: ukubwa wa fremu. Kabla ya kulipa, mnunuzi asimame juu ya bomba la juu, mguu mmoja kila upande, nyayo zote zikiwa chini. Bomba likimgusa, baiskeli hiyo ni kubwa kwake. Mwenye sketi au leso atafute fremu isiyo na bomba hilo. Mzazi anayemnunulia mtoto baiskeli kubwa ili aikulie anamtuma barabarani na chombo asichoweza kukisimamisha lori likitokea.

Kazi hii ni ya dakika chache, na asiye na spana ataipata kwa fundi aliye karibu. Maumivu yakiendelea hata baada ya kiti kurekebishwa, mwendeshaji asiyavumilie. Aende kituo cha afya.